Majina Saba Ndani ya Kopo

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekagua makopo. Yote matano kwa siku moja, nyuma ya pikipiki ya rafiki yangu Elia, fundi umeme. La Ujiji limejaa maji. La Rusimbi, maji na konokono. La Buzebazeba, panya wameguguna mfuniko, na mbwa wa jirani akanirukia. Nimempiga teke la mbavu. Sijutii. La Kibirizi limeibwa. Nimetukana kwa sauti hadi mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa akasogeza turubai lake.

La Bangwe peke yake lilikuwa kavu. Kavu kabisa, kijitabu kama kimetoka leo dukani kwangu. Juu yake palikuwa na kipande cha kiroba na jiwe bapa. Nilidhani Elia ndiye aliyeweka. Elia alidhani ni mimi.

Mama ameniuliza tena ninachotafuta maporini, mtu mzima wa miaka thelathini na sita mwenye duka la vifaa vya shule. Nimechoka kueleza. Mtu anaficha kopo. Anaweka namba za mahali kwenye programu ya simu. Mwingine anazifuata, analipata, anaandika jina lake kwenye kijitabu, anaacha kitu kidogo akipenda, anarudisha kopo kama alivyolikuta. Basi. Mama akasema: "Na mwenye shamba anajua?" Nimemwambia ale ugali wake.

Jumatatu, 4 Novemba

Kifaa cha GPS cha mkononi kimefika. Ni cha mitumba, kizito kama tofali, lakini kinashika satelaiti hata chini ya michikichi ambako simu inababaika. Nimekifunga kamba shingoni na kukaa nacho dukani kutwa. Wateja wamenicheka. Wacheke.

Tumepanga Jumamosi kwenda Bangwe. Ramani nimeipakua kabla, maana kule mtandao huja na kuondoka. Pawabenki, penseli mbili (kalamu ya wino hulia kwenye unyevu), mifuko ya plastiki ya kufungia kijitabu, buti. Tuondoke asubuhi. Mvua za siku hizi zinapiga kuanzia saa nane mchana na radi zake si za mchezo.

Niandike na hili, maana hapa hasomi mtu. Kopo la Bangwe lipo chini ya mwamba, mpakani mwa shamba la Bibi Nahimana. Nilipolisajili, programu iliuliza kama mwenye ardhi ameridhia. Nikabonyeza ndiyo. Sikumwuliza. Nilikuwa na haraka, na kumweleza bibi kizee wa Kirundi habari za satelaiti niliona ni kupoteza mchana.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumempeleka Baraka, mdogo wake Elia. Mvuvi wa dagaa, ana miaka ishirini na minane, kelele tupu. Nimempa kifaa akatembea nacho mbele kama askari. Mita kumi. Mita nne. Akainua jiwe bapa na kupiga kelele hadi mwalo mzima wa wavuvi ukasikia.

Ameandika jina lake kwa herufi kubwa, akachukua nusu ya ukurasa. BARAKA. Sasa tupo saba: mimi, Elia, wageni wanne waliowahi kupita, na yeye. Mmoja wa wageni ameacha kisanamu cha kitambaa, cha mwanamke, kirefu kama kidole. Mwingine ameacha ushanga mwekundu. Kioo kidogo kilichomo ni changu.

Bibi Nahimana amepita na beseni la ngazi, matunda ya mchikichi, kichwani. Akatusalimia kwa Kirundi chake, akatuita wanawe: "Mwaramutse, bana banje." Nimemwamkia kwa mkato na kusimama mbele ya kopo. Sikutaka aone. Baraka akamtua lile beseni na kumfikishia mpaka kwenye pipa la kuchemshia mawese. Siku nzuri.

Alhamisi, 14 Novemba

Baraka amekufa.

Radi. Saa tisa mchana, mwaloni Bangwe, wakivuta mtumbwi nchi kavu. Walikuwa wanne kwenye kamba. Imempiga yeye. Wenzake waliangushwa wakaamka. Elia amenipigia simu, alikuwa anapumua tu.

Nimemwona. Shati limepasuka mgongoni. Kiatu kimoja kilikutwa mbali juu ya mawe. Ngozi ya kifuani ina michirizi kama mizizi. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 16 Novemba

Tumemzika. Elia alimshika mchungaji ukosi aliposema ni mapenzi ya Mungu. Wanaume watatu wamemwachanisha.

Maneno yameanza kaburini hapohapo. Kwa nini yeye kati ya wanne? Huku kwetu radi haipigi bure, lazima iwe na aliyeituma. Nimewasikia wanawake nyuma yangu wakihesabu wazee wa Bangwe mmojammoja kama wanachambua mchele. Nilitaka kugeuka niwatukane. Nilinyamaza kwa ajili ya mama yake Baraka.

Jumanne, 19 Novemba

Vijana wa mwaloni wamechanga na kuleta kamchape. Ndio wale wanaozunguka vijijini wakijidai wanafukua uchawi majumbani mwa watu. Serikali imewakataza na kila mwaka wanakuja.

Wamelipata kopo letu.

Sikuwepo. Nimeambiwa dukani, na walioniambia ni majirani wawili waliokuja kunipa pole. Mimi! Wameketi, wameshika mikono yangu. "Zuhura, dada yetu, umeandikwa." Limefukuliwa kopo shambani kwa Bibi Nahimana, lina sanamu, lina ushanga mwekundu, lina kioo, lina majina saba. La Baraka ndilo kubwa kuliko yote. Majina manne kamchape ameshindwa kuyasoma, akasema hayo ni ya majini. Yaliyobaki ni mimi na Elia. Yaani Baraka ametangulia na sisi tupo kwenye foleni.

Halafu wakaongeza ushahidi wao. Bibi ameonekana mara nyingi, kila mvua ikikaribia, anainama pale mwambani na kufunikafunika.

Ilikuwa niseme palepale. Sikusema. Nilisema "Ahsanteni," nikafunga duka.

Mimi ni mwoga. Siku zote nilijidhania mkali.

Jumatano, 20 Novemba

Asubuhi kwa Elia. Nimemwambia twende kwa mwenyekiti wa mtaa, tueleze, tuonyeshe simu, yaishe. Hakuinua kichwa. Amesema tukijitaja watatuchoma sisi. Nikamwambia kweli, huenda, lakini yule bibi watamchoma kwa hakika. Akainua kichwa. Halafu: "Na kama ni kweli? Aliandika jina Jumamosi. Alhamisi hakufika jioni."

Fundi umeme! Mtu anayefunga waya za kuzuia radi kwenye mapaa ya watu!

Nimempiga kofi. Amenisukuma, nikagonga kabati, vyombo vikamwagika. Nikampiga tena kwa ngumi, ya kweli, mdomoni. Mkewe ametutenganisha kwa ufagio. Nimetoka nikilia kwa hasira na vifundo vya vidole vinavuja damu kwa meno ya Elia.

Nimekwenda kwa mwenyekiti peke yangu. Amesafiri. Nimekwenda polisi. Wameandika maelezo, wamesema watafuatilia kesho, gari halina mafuta. Nimewaambia kesho ni mbali. Askari ameniambia nipunguze ukali.

Mama anasema hasira hasara. Leo nimeona woga una hasara kubwa zaidi.

Alhamisi, 21 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilifika Bangwe saa nne asubuhi. Moshi niliuona kutoka barabarani. Nyumba ilikuwa imeshaanguka paa. Michikichi wameikata, ile iliyozaa na ile michanga, kwa mapanga, bila sababu yoyote ila mkono ulikuwa na panga. Mbuzi amechinjwa na kuachwa. Pipa la mawese wamelipindua, mafuta yanateremka njiani mekundu, watu wanayakanyaga.

Bibi alikuwa ameketishwa chini kwenye vumbi, kanga imevuliwa kichwani, jicho moja limefunga. Walikuwa wanamtaka ayafute majina. Alikuwa anasema kwa Kirundi jambo lilelile, tena na tena. Kamchape amesimama juu yake, kisanamu mkononi. Watu kama sitini. Nawajua nusu. Nimewauzia watoto wao madaftari.

Nikapiga kelele kwamba kopo ni langu. Hakuna aliyesikia. Nikapenya, nikanyakua kijitabu, nikaandika jina langu chini ya jina langu, mwandiko uleule, nikawaonyesha. Nikawaonyesha simu, Bangwe kwenye ramani, kidoti kikiwaka. Nikasema yapo mengine Ujiji, Rusimbi, Buzebazeba, twendeni sasa hivi nikawafukulie. Hapo wakasikia. Lakini walichosikia sicho nilichosema. Kamchape alicheka. "Ameungama! Wachawi ni wawili, na huyu ana mtambo!"

Akaushika mkanda wa GPS shingoni mwangu na kuuvuta. Nilikuwa sioni tena kwa hasira. Nikakitwaa kile kifaa kwa mikono miwili na kumpiga nacho usoni. Kioo kikavunjika, na pua yake ikavunjika. Kwa hilo namshukuru Mungu mpaka sasa.

Baada ya hapo ni vipande. Jiwe mgongoni. Mtu ananivuta nywele, ni mwanamke, ana harufu ya sabuni. Rungu kwenye mkono wa kulia, nikasikia mlio kabla ya maumivu. Nilimwangukia Bibi. Si ushujaa, niliangukia pale nilipoangukia. Alinishika kichwa na kukiingiza chini ya kwapa lake. Mimi niliyekuja kumwokoa. Waliendelea kupiga, mimi na yeye kwa pamoja, na kila pigo nililihisi mara mbili.

Elia ndiye aliyewasimamisha. Sijui alifika saa ngapi. Mdomo umevimba kwa ngumi yangu. Hakupiga kelele. Alisimama mbele na kusema: "Kopo ni letu mimi na Zuhura. Baraka ni wangu mimi, si wenu. Aliandika kwa mkono wake, anacheka. Nilikuwepo." Mwenye msiba akishasema, wengine hawana pa kusimama. Wa kwanza alitupa jiwe lake chini, taratibu, kama anaogopa litasikika. Kamchape alikuwa ameshatokomea na pua yake.

Wengine nao waliyaacha mawe chini na kuondoka. Hakuna aliyetuinua. Elia alitubeba mmojammoja mpaka barabarani.

Jumapili, 24 Novemba

Hospitali. Mkono umevunjika pawili. Mbavu. Jino la mbele halipo.

Bibi Nahimana yupo kitanda cha nne, upande ule wa dirisha. Jicho la kushoto halitapona. Nyonga imepasuka. Ana miaka sabini na kitu, alikuja kutoka Burundi akikimbia mapanga, akiwa msichana, mtoto mgongoni.

Wamekuja watu wa Bangwe na ndizi na juisi. Wanasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ipo. Imelala kitanda cha nne. Niliwaambia watoke na ndizi zao. Muuguzi akanikanya.

Elia alikuja akasimama mlangoni. Sikumkaribisha. Alichelewa saa moja. Mimi nilichelewa siku mbili. Sijui nani kati yetu ana haki ya kununa, lakini nimenuna.

Bibi sijamsemesha. Namwogopa kuliko wale sitini.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimetolewa. Makopo matatu yaliyobaki nimeyaondoa, Elia akiendesha, hatukusemezana. Kwenye programu nimefuta moja baada ya jingine. Inauliza sababu. Nimeandika: sikuomba ruhusa.

Polisi wamekamata wanne. Yule aliyenivunja mkono namjua. Nitamtaja mahakamani kwa jina lake na la baba yake.

Jumamosi, 14 Desemba

Bibi yupo kwangu tangu Jumatano. Hana nyumba, na mwanawe yupo mbali. Mama amempa chumba chake bila kuulizwa. Wanapika pamoja, Bibi akiwa ameketi maana nyonga haijapona, wanabishana juu ya chumvi.

Leo nimemwambia yote. Kopo, programu, lile swali, ile ndiyo niliyobonyeza. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Alinisikiliza huku akichambua maharage kwa kupapasa.

Alikuwa analijua kopo. Alilikuta mwaka jana akipalilia. Alilifungua mara moja, akaona majina ya watu, akalifunga. Hajui kusoma sana, lakini akasema kitu chenye majina ya watu kina wenyewe, watarudi. Mvua zilipoanza akaona litaoza. Akakata kiroba, akatafuta jiwe bapa. Kila mawingu yakitanda alikwenda kuangalia kama upepo haujalifunua. Hicho ndicho walichomwona akifanya.

"Ungeniambia, mwana wanje," amesema. "Ningelitia ndani."

Nimekaa pale sakafuni, nimechambua naye maharage kwa mkono mmoja.

Saa tisa mawingu yamefunga upande wa ziwa na ngurumo ya kwanza imepita. Bibi amegeuza lile jicho lake moja mlangoni, akaniuliza kama kuna kitu changu nje akifunike.

Nimemwambia hakuna.