Chai ya Mvua ya Vuga

Mdogo wangu Yunisi,

Lushoto kuna baridi, nimevaa masweta mawili na bado nalikumbuka jua la Kongwa. Neema wangu anachora ramani ya wastani wa mvua ya kila mwezi, nchi nzima, Yunisi, siyo tarafa. Kwetu amepaka rangi ya kahawia. Nilimwomba atuongezee bluu kidogo, akakataa. Ana msimamo kama mimi.

Jana tulikwenda Vuga, kwa bibi mmoja anayetunza kopo la kupimia mvua uani kwake. Maji ya mwezi mzima hukaa humo mpaka Neema aje kuyapima. Tulipewa chai kwanza. Tulipofika kwenye kopo, vikombe bado mkononi, tukalikuta linang'aa, kavu.

"Bibi, maji yaliyokuwemo yako wapi?" Neema akauliza.

"Mwanangu, nimesikia wageni wanakuja, ningewaonyesha chombo kichafu? Nimekisugua kwa majivu."

"Na maji?"

"Si hayo mnayokunywa. Chai ya maji ya mvua ni tamu."

Basi mwezi huu Vuga haina kipimo, na Neema alikuwa anakitegemea. Lakini akasema, "Tamu kweli, bibi," akamaliza kikombe, akaomba kingine. Ndipo akamweleza taratibu kwamba mwezi ujao asilioshe.

Wakumbatie watoto wote kwa niaba yangu. Na majirani uwaambie: kuchora ramani amefundishwa chuoni, lakini kuomba kikombe cha pili ni malezi yangu.

Dada yako akupendaye,
Mama Neema