Fundi, Usiruke Mstari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba maneno haya yakukute ukiwa na nguvu, mgongo umekuachia kidogo, na macho hayajazidi kukusumbua. Mimi mwili wangu ni mzima. Habari za moyo wangu utazipata huko mbele. Wape salamu wote wa nyumbani, hasa dada na binti yake, ambaye nasikia siku hizi anahutubia kuku uani kama mjomba wake anavyohutubia watu.

Najua sauti unayoisikia sasa si yangu. Tangu macho yako yaingie ukungu, barua ya nyumbani kwetu husomwa na yule aliyeileta, na aliyeileta hii ni mtoto wa marehemu mama mdogo, mdogo wangu uliyemlea sahani moja na mimi. Hapa chuoni tunamwita Fundi, kwa kuwa hakuna redio wala pasi bwenini ambayo haijapita mikononi mwake. Nilimkabidhi bahasha ikiwa imefungwa na sikumweleza kilichomo. Kwa hiyo, Fundi, usiruke mstari. Nakujua: ukifika mahali panapokusifu, unakohoa na kufunua ukurasa. Leo msomee mama kila neno, hata litakalokuuma.

Mama, bila shaka umejiuliza kwa nini amerudi na sanduku lake lote wakati mitihani bado haijafanyika. Sijui amekujibu nini mlangoni. Ukweli ni kwamba amefukuzwa chuo, na mtu aliyesimama kumtetea ni mimi.

Chanzo ni ugomvi wa karakana. Fundi alikuwa akiunda pampu ya maji ya kukanyaga kwa miguu, kazi ya kuhitimia masomo yake. Aliiacha mezani ikiwa imebakiza kukazwa skrubu za mwisho. Asubuhi akaikuta imefumuliwa, vipande vyake vimetupwa kwenye pipa la vyuma chakavu. Aliyeifumua ni mwanafunzi mwenzetu anayetunza funguo za karakana, ambaye tunamwita Bwana Funguo. Alidhani ni mabaki ya waliotutangulia, akataka kupata nafasi, maana meza ni moja na wanaoigombea ni darasa zima. Fundi alimuuliza kama usoni ana macho au ana matundu ya funguo. Bwana Funguo naye, ambaye hajui kumeza neno, akamjibu kwamba kama takataka ile ni pampu, basi hata kikaango cha mama yake Fundi ni ndege ya abiria. Hakujua kwamba mama huyo tulimzika. Fundi akamsukuma. Akaanguka, paji la uso likagonga jiliwa, lile bano la chuma lililofungwa mezani, akashonwa juu ya jicho.

Fundi alikwenda mwenyewe zahanati kumwomba radhi. Bwana Funguo alipopata habari za mama mdogo alijifunika shuka mpaka kichwani kwa aibu, kisha akasema kwamba hata yeye angemsukuma mtu wa namna ile, tena kwa mikono miwili, na kwamba akitoka pale wataiunda upya pampu pamoja. Kati yao mambo yaliishia hapo. Lakini kanuni za chuo hazijali kwamba wagomvi wamepatana. Damu imemwagika karakanani, lazima kamati ya nidhamu ikae. Na mtuhumiwa huruhusiwa kuja na mwanafunzi mmoja wa kumsemea. Fundi alinichagua mimi. Angemchagua nani mwingine? Mimi ndiye Kipaza, ninayesimama juu ya kiti cha bwalo nikisema, watu wakaacha kutafuna.

Kikao kilifanyika katika chumba chenye meza ndefu na mapazia ya kijani yaliyopauka. Madirisha yalikuwa wazi, na chini yake wanafunzi walikuwa wamejaa, kwa kuwa nilikuwa nimewaalika. Nilisimama. Nikauliza ni nani hasa anayestahili kushtakiwa: kijana aliyesukuma, au utawala uliowafungia vijana wote kwenye meza moja kama kuku ndani ya tenga moja, kisha ukashangaa wanapodonoana? Nikazitaja ghala zilizojaa vifaa visivyoguswa. Nikazitaja ofisi zilizopakwa rangi mpya huku karakana ikivuja. Kila nilipomeza mate, nje walishangilia. Nikamgeukia Bwana Funguo, aliyeketi na bandeji yake, nikamwita kibaraka anayebeba funguo za mabwana zake. Mama, kila nililosema juu ya karakana lilikuwa kweli, na hakuna hata neno moja lililomfaa Fundi.

Nilipoketi, mwenyekiti wa kamati, mhadhiri mzee wa hisabati, alimuuliza Fundi kama ana lolote la kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Fundi alinitazama. Nilikuwa nimemwonya asifungue mdomo, kazi ya kusema aniachie mimi. Nikatikisa kichwa. Akajibu kwamba hana. Mwenyekiti akauliza tena, polepole, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Fundi akajibu vilevile. Bwana Funguo alipoulizwa, alisema kwamba alikuwa amekuja kumwombea mwenzake msamaha, lakini kibaraka hana la kuomba. Akatoka nje.

Hukumu ilisema kwamba mtuhumiwa hakuonyesha majuto. Niliposhuka ngazi wanafunzi walininyanyua mabegani, wakanizungusha uwanja mzima wakiimba jina langu la utani. Kutoka kule juu nilimwona Fundi kwenye dirisha la chumba chetu, akikunja godoro.

Sasa nifike ninapopaogopa. Siku moja kabla ya kikao, mwenyekiti alinisimamisha kwenye korido. Aliniambia kwamba kamati haina haja ya kumvunjia kijana masomo. Kwamba Fundi asimame tu, akiri, aombe radhi mbele yao kama alivyomwomba mwenzake, naye atapewa onyo na kuendelea na mitihani. Akanituma nimfikishie. Sikumfikishia. Hotuba nilikuwa nimekwisha kuiandaa, Mama, na uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi umekaribia. Nilijua kwamba akiomba radhi, mimi sitakuwa na la kusema.

Fundi, ni wewe ninayekwambia sasa. Pale kituo cha basi nilikusudia kukueleza. Nikakuuliza kama umechukua sweta. Nikakwambia barabara siku hizi ni nzuri. Mdomo wote ule, ukashindwa na jambo moja. Ikabidi niuazime wako.

Kabla ya kukusindikiza nilikuwa nimekwenda kwa mwenyekiti, nikamweleza. Akasema kwamba shauri linaweza kufunguliwa upya ikiwa wewe mwenyewe utarudi kabla ya mitihani, useme mbele ya kamati kwamba ujumbe wake haukukufikia. Ukisema hivyo, kitanda kitakachobaki kitupu ni changu. Sema. Usinionee haya, wala usinitafutie maneno laini. Bwana Funguo ameviokota vipande vya pampu pipani, kavifungia kabatini. Nilipomwendea hakunisalimu, aliniagiza tu nikwambie kwamba anakungoja.

Mama, ukisikia amenyamaza hapa, usimuulize kulikoni. Mpe maji. Nawe ukitaka kunilaani, nisubiri nije mwenyewe, maana siku si nyingi nitakuwa hapo mlangoni, na safari hii sitakuwa na la kuhutubia.

Nisalimie majirani, na dada asimzuie binti yake kusema, ila amfundishe na kusikiliza.

Ni mimi mwanao,
ambaye hapa bado wananiita Kipaza.