Moshi wa Ng'ambo ya Kijito

Rågsved, Oktoba 2011

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo. Mama yako mdogo kahamia mji wa jirani, na wanawe bado wananijibu Kiswidi.

Umeniuliza kuhusu mifuko tunayopewa na manispaa ya kutilia mabaki ya chakula, ili mabaki yageuzwe gesi ya kuendeshea mabasi: mji mmoja utapunguzaje joto la dunia ikiwa mji wa jirani haujali?

Hata mimi najiuliza. Nilipokuwa msichana Kasulu, serikali ya kijiji chetu ilikataza kuchoma mashamba. Baba yangu akakodi shamba ng'ambo ya kijito, kijiji cha pili, kusikokuwa na katazo. Akachoma, akarudi anacheka. Jioni upepo ukageuka, moshi ukatujaa ndani. Mama akatoka na sufuria ya uji, anakohoa.

"Baba Rehema, huu moshi ni wa kijiji gani?"

Asubuhi baba alivaa koti lake la kanisani, akavuka kijito kumwomba mwenyekiti wa kijiji kile amkataze yeye na wenzake kuchoma.

Juzi kwa mama yako mdogo nilichungulia chini ya sinki. Hakuna mfuko; mji wao haugawi. Nikamuuliza, "Ofisi ya manispaa yenu inafunguliwa saa ngapi?"

Bibi yako,
Rehema