Mkwe Wetu Yuko Mezani pa Bajeti

Jumamosi, 8 Novemba 2025. Lugari.

Nimekuja nyumbani kusaidia mavuno, na kazi yote imekuwa kuanika na kuanua. Tunatandaza mahindi juu ya turubai. Wingu linatokea, tunayakusanya. Jua likirudi, tunayatandaza tena. Mama anaokota punje, anaiuma. Ikilia, imekauka. Leo haikulia. Ilibonyea mdomoni kama njugu ya kuchemsha.

Mengine yameanza kuota ukungu. Mwaka jana mnunuzi alitia mkono guniani, akanusa, akaondoka bila kuaga. Mashine ya serikali ya kukausha ipo, lakini iko mbali, na mahindi huozea kwenye foleni yake.

Ila kuna habari njema — kamati kutoka Nairobi inakuja Kakamega kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya taifa ya mwaka ujao. Kila wadi msemaji mmoja. Wetu ni Mama! Wanawake wa kikundi chake walimtaja, wanaume wakanyamaza, na hapa kwetu kunyamaza kwa wanaume ni kura.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya kanisa nimemfundisha Mama. Asiombe msaada. Aseme mashine moja, iwekwe sokoni kwetu, ifike kabla ya mavuno. Nikampa na maneno ya kuanzia: changamoto za baada ya mavuno.

"Changamoto ni nini, Khalayi?"

Nikasema ni matatizo.

"Basi nitasema yameoza."

Tumecheka mpaka machozi. Kisha akasimama mbele ya kuku na kusema yote, wazi, bila kutetemeka. Hakuna mtu katika wadi mwenye sauti kama yake.

Jumatano, 12 Novemba. Kakamega.

Nimerudi kazini. Saa ya chakula nimesoma kitabu cha bajeti ya mwaka huu. Kilimo kina kurasa nyingi. "Wakulima walengwa watafikiwa." Walengwa! Kama swara. Wanalengwa kila mwaka na hakuna anayewapata. Hakuna mahali panaposema walengwa wanaishi wapi wala mvua yao hunyesha lini.

Pesa zipo — hilo ndilo linaloniuma. Hazijui njia ya kuja kwetu mpaka mtu asimame ataje mahali. Ndiyo maana ninamtegemea Mama mno. Au ni mimi tu. Sijui kama ninapigania mahindi yake au digrii yangu ya uchumi, ambayo mpaka leo haijamkaushia mtu punje.

Jumapili, 16 Novemba

Dada Abigail amepiga simu. Mume wake, Wesley, amepangwa kuwa karani wa kikao. Ataketi mbele na kamati, ataita wasemaji mmoja mmoja. Nimeruka chumbani peke yangu kama mtoto.

Nilipopiga nyumbani, simu ilishikwa na jirani yetu, Mzee Khaemba, aliyekuja kuazima toroli. Alicheka sana. "Hii selikali tumeioza binti yetu. Mtu hunyimanga wakwe?" Nikasikia kikundi kizima kikicheka nyuma yake.

Mama alipopewa simu alisema tu, "Sawa. Tutaona." Nikadhani ni uchovu.

Jumanne, 18 Novemba

Nina hasira.

Mama alifika kwenye kikao mapema na gari walilokodi, kitambaa cha kichwa kipya, wanawake wanne nyuma yake. Nilikuwa nimemwekea kiti cha mbele. Mlangoni akasimama. Wesley alikuwa mezani, anajaribu kipaza sauti. Akamwona. Wote wawili wakageuza uso. Wesley akainama chini ya meza kama aliyedondosha kitu. Mama akavuta leso kichwani, akazunguka ubavuni mwa jengo, akaketi chini ya dirisha.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa mila yetu, mama mkwe na mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawatajani majina. Wesley akija nyumbani, Mama hukaa jikoni mpaka aondoke. Ninalijua hilo tangu Dada aolewe. Mzee Khaemba analijua. Wanawake wote wanalijua. Tulishangilia mkwe yuko mezani, wala hakuna aliyejiuliza Mama atapita wapi.

Nilimfuata nje. Akasema labda atasimama dirishani, aseme bila kuonekana. Nikasema sawa, ukiitwa tu.

Hakuitwa. Mwanamke wa Matungu alisema juu ya miwa, vizuri sana. Kisha ikawa zamu ya Lugari. Wesley akatazama karatasi. Selpher — ni jina la Mama, na halijawahi kutoka kinywani mwa mkwe wake. Alikohoa. Akanywa maji. Akaita wadi iliyofuata.

Mwenyekiti akauliza kama watu wa Lugari hawakuja. Nikasimama nikasema tupo. Akauliza kama mimi ndiye msemaji. Nikasema ni mama yangu, yuko nje. Kwa nini yuko nje? Ukumbi mzima ukanigeukia. Wazee wakatazama viatu vyao. Wao walijua! Kiingereza ninacho, Kiswahili ninacho, na sikupata neno la kumweleza mtu wa Nairobi bila kumvua Mama nguo mbele za watu. Nikaketi.

Mama amesikia yote dirishani. Kikao kilipokwisha aliniambia nisigombane na Wesley. "Ametuheshimu," alisema. Ametuheshimu! Na mahindi je?

Jumatano, 19 Novemba

Nimegombana na Wesley.

Nilimwambia kusoma jina ndiyo kazi aliyopewa. Akasema, "Shemeji, ulitaka nimtaje mama kwa kipaza sauti?"

Nikasema ndiyo.

"Halafu nije kwenu Krismasi na uso gani?"

Ninataka awe na makosa, na sioni kosa lake liko wapi. Kila mtu amefanya kama alivyolelewa, na wadi nzima ikatoka mikono mitupu.

Usiku Abigail akanitumia ujumbe. Wesley amezungumza na mwenyekiti. Kesho asubuhi, kabla kamati haijaondoka, watawasikia waliorukwa. Ikifika zamu ya Lugari atatoka nje kwa mlango wa nyuma, na mwenyekiti mwenyewe ataita. Mama yuko kwangu tangu jana. Tumekula obusuma, ugali wa kwetu. Anauliza kila mara kama Lugari kuna mawingu.

Alhamisi, 20 Novemba

Ninaandikia magotini, ukumbini. Watu ni wachache leo. Mama yuko nje chini ya dirisha lile lile, anangoja Wesley atoke ndipo aingie. Nimemwambia akisikia tu jina lake, apite mlango mkubwa.

Wesley amesimama. Ameweka kipaza sauti mbele ya mwenyekiti. Ametoka nyuma, kichwa chini. Kiti chake ni kitupu.

Simu ya Mama inalia nje. Ni Mzee Khaemba, Mama amemweka kwenye spika — sauti yake naisikia mpaka hapa. Kwetu imeanza kunyesha. Mahindi yote yako uani.

"Vuteni turubai!" Mama anapaza sauti. "Yale ya mwisho, Khaemba! Yale yaliyokuwa yamekauka! Acha magunia, vuta turubai kwanza!"

Ukumbi wote umegeukia dirishani. Mwenyekiti amesimamisha kidole kwenye karatasi. Anauliza ni nani huyo anayepiga kelele huko nje. Hangoji jibu. Anamtuma askari akamnyamazishe, kisha anasogeza kipaza sauti karibu na kusema kamati haina muda, inamsubiri Bi. Selpher wa Lugari.