Kitufe cha Kukamua

Jumamosi jioni

Sijawahi kumwambia mtu: kwenye ule mchezo wa mtandaoni wa kufuga ng'ombe, mfugaji anayejiita Mwamba ni mimi. Jana nilifikisha ng'ombe kumi, idadi inayotakiwa, nikajiunga na kundi la wachezaji la binamu yangu Chacha wa Sirari. Hata yeye hajui.

Leo nimechinja mmoja. Mabingwa waliobuni mchezo wamebananisha kitufe cha kukamua na cha kuchinja, vidogo kama punje za ulezi. Kufungua geti naulizwa mara tatu kama nina uhakika. Kuchinja, hakuna swali!

Chacha akaandika mbele ya wote: "Mwamba, unachinja ng'ombe wa maziwa? Huwezi kuwa Mkurya wewe!"

Nilifuta majibu matatu. Mwishowe nikamwandikia: "Ni mimi, binamu yako. Wamebaki tisa." Nikazima simu.