Sweta ya Friji

Natalie uko? Wacha kila kitu usome.

Unajua Mugure alinunua friji mpya kwa duka la Mohinder huko Nakuru, ile ya kupunguza stima. Bili ikakuja kubwa kuliko ya friji ya zamani. Akampigia Mohinder simu, akamuita mwizi. Mwizi, Natalie, mzee wa watu.

Leo Mohinder amepanda mwenyewe mpaka Olenguruone. Akapata chama yetu yote ya akina mama tumekaa kwa Mugure tukinywa chai. Mugure akamwambia, "Ongea hapa mbele yao wakusikie."

Mzee akazunguka nyuma ya friji, akashika kile kitambaa cha maua Mugure aliifumia, kimeifunika mpaka mgongo.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni urembo."

"Mama, friji hutoa joto kwa mgongo. Wewe umeivalisha sweta. Sasa inafanya kazi mchana na usiku na haipoi."

Sweta. Nakuapia amesema sweta.

Mugure hata hakugeuka kutuangalia. Angetuangalia aje? Sisi wote kumi na mmoja friji zetu zimevaa hiyo sweta, na ni yeye alituuzia.