Dalgano wa Kitale na Dargano wa Tongaren

Bungoma
4 Mei 1987

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima. Nyinyi je? Miguu ya nyanya, kogo wetu, inaendeleaje?

Baba, nimepata mchumba. Anaitwa Wabwile, seremala hapa mjini, kwao ni Tongaren. Ni mtu wa kanisa na wa kucheka. Lakini sikia hii: baba yake anaitwa Dargano! Si ni jina letu la Dalgano tu, wamegeuza l ikawa r? Wanataka kuja kwetu Agosti. Niwaambie waje?

Mtoto wako,
Sellah

Kitale
20 Mei 1987

Sellah mama,

Tuko wazima, na mahindi yamesimama vizuri.

Wasije kwanza. Shuleni wenzangu waliniuliza, "Kipsang Dalgano, jina la mzungu ulitoa wapi?" huku wakiangalia hii rangi yangu ya maji ya kunde. Sikuwahi kumuuliza mama yangu. Kama kuna mzungu aliyepita kwetu, na akapita kwa hao pia, basi wewe na huyo kijana ni damu moja. Ngoja kidogo.

Babako

Bungoma
2 Julai 1987

Baba,

Hamjambo? Nimengoja mpaka nimechoka. Nilimwambia Wabwile, na siku hiyo hakula. Tafadhali muulize kogo. Ukishindwa, nitakuja nimuulize mwenyewe.

Sellah

Kitale
19 Julai 1987

Sellah mama,

Sisi wazima kabisa! Nimeuliza.

Kogo wako alikuwa akichambua maharagwe. Alicheka mpaka yakamwagika. "Ati mwanamume mzungu gani? Dalgano alikuwa mwanamke!"

Alikuwa nesi kutoka Skotilandi, akizunguka na baiskeli Cheptais mpaka Lwakhakha, akizalisha akina mama. Mimi nilitanguliza miguu, naye hakutoka hapo mpaka nikalia. Alimwambia mama kwamba hata kwao wenye jina hilo ni wachache, na nyumbani kwa baba yake amebaki yeye tu, hana mtoto. Mama akamjibu, "Basi huyu wangu atalibeba." Wanawake wengine wakasikia, nao wakafanya vivyo hivyo, kila mmoja akilitamka kwa ulimi wake.

Nilienda Tongaren. Baba yake Wabwile alizaliwa Lwakhakha, kabla hawajahamia skimu ya mashamba huko Tongaren, mikononi mwa nesi huyo huyo. Akaniambia, "Bana, hata mimi niliogopa kumuuliza mama." Wazee wazima! Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Waje Agosti. Shida ni moja tu: kogo anajua Dalgano wengine huko mlimani, na anataka wote waalikwe harusini. Nikamwambia fahali mmoja hatatosha. Akasema, "Kwani nani alisema mmoja?"

Babako